Umri wa nyota kwa mwendo wa kujizungusha: shajara ya mradi

Lengo na vifaa

Mradi unatafuta umri wa nyota za safu kuu (zinazochoma hidrojeni kiinini, kama Jua) zenye halijoto ya uso kati ya kelvini 3,800 na 6,200. Vipimo vinavyohitajika ni viwili tu: kipindi cha nyota kujizungusha kwenye mhimili wake, na rangi yake. Data zote ni za bure. Mwangaza unatoka kwenye darubini za anga za TESS na Kepler (pamoja na K2, awamu ya pili ya Kepler) kupitia hazina ya data ya MAST. Rangi na umbali vinatoka Gaia DR3, toleo la tatu la data za darubini ya anga ya Gaia, lililotolewa Juni 2022. Kompyuta mpakato ya kawaida inatosha, yenye Python na vifurushi vitatu: lightkurve, astropy na gyrointerp.

Kwa wanaotegemea bando la simu: faili ya mwangaza wa nyota moja kwa sekta moja ya TESS (eneo la anga linalotazamwa kwa siku 27 hivi) ni megabaiti chache. Kinachomaliza bando ni kupakua picha nzima za anga, na hakuna haja ya kufanya hivyo. Huduma ya TESSCut inakata kipande cha pikseli 15 kwa 15 kuzunguka nyota unayoitaka na kukupa hicho peke yake.

Saa yenyewe

Nyota kama Jua hupuliza upepo wa chembe zenye chaji. Uga sumaku wa nyota huushika upepo huo na kuulazimisha uzunguke nayo hadi mbali kabisa na uso. Upepo ukiachiliwa huko mbali, huondoka na momenta nyingi ya mzunguko ingawa masi inayopotea ni kidogo mno. Nyota inayojizungusha kwa kasi ina uga wenye nguvu zaidi, kwa hiyo breki yake ni kali zaidi. Hii ndiyo sababu njia nzima inafanya kazi: nyota za masi sawa zilizozaliwa na kasi tofauti hufika mahali zikawa na kasi inayokaribiana, na kuanzia hapo kasi inategemea umri na masi tu. Kabla ya kufika hapo, kipindi hakisemi umri.

Mwaka 1972 Andrew Skumanich alilinganisha mafungunyota ya Kilimia na Hyades (makundi ya nyota zilizozaliwa pamoja) na Jua, akaonyesha kwamba kasi inashuka kwa kipeuo cha pili cha umri. Sydney Barnes aliipa mbinu hii jina la jairokronolojia mwaka 2003, na mwaka 2007 akatoa fomula ambayo tumeanza nayo:

P = t^0.5189 × 0.7725 × (B−V − 0.4)^0.601

P ni kipindi kwa siku, t ni umri kwa miaka milioni, B−V ni rangi, yaani tofauti ya mwangaza kati ya kichujio cha bluu na cha njano-kijani: ikiwa kubwa, nyota ni nyekundu zaidi. Mamajek na Hillenbrand walitoa fomula ya umbo hilo hilo mwaka 2008, ila namba zao ni 0.566, 0.407, 0.495 na 0.325 kwa mpangilio wa kipeo cha umri, kizidisho, rangi ya kuanzia na kipeo cha rangi. Tunaziendesha zote mbili kwa kila nyota, na sababu itaonekana hapa chini.

Jaribio la kwanza: Jua. Hali: limekamilika

Kwa B−V ya 0.642 na kipindi cha siku 26.09, fomula ya Barnes inatoa miaka milioni 4,564. Ya Mamajek na Hillenbrand inatoa takriban milioni 4,680. Umri halisi unaojulikana kutokana na vimondo ni miaka bilioni 4.57. Jibu hili halithibitishi chochote, kwa sababu fomula zote mbili zilirekebishwa zipite kwenye Jua. Kazi yake ni kukagua programu: ukipata namba iliyo mbali na hizi, umeingiza umri kwa bilioni badala ya milioni, au umebadilishana vipeo.

Hapo hapo tulipima jinsi makosa yanavyokua. Kosa la asilimia 10 kwenye kipindi linakuwa karibu asilimia 19 kwenye umri, kwa kuwa 1 gawanya kwa 0.5189 ni 1.93. Rangi nayo ina uchungu wake, hasa kwa nyota zinazofanana na Jua, kwa sababu B−V inakaribia ile 0.4 na tofauti ndogo inakuwa na uzito. Kosa la 0.02 kwenye B−V ya 0.642 linaleta karibu asilimia 10 ya umri. Kosa hilo hilo kwenye B−V ya 0.88 linaleta asilimia 5. Vumbi la angani ni hatari ya kimyakimya: likiongeza 0.04 kwenye rangi ya nyota kama Jua na usilirekebishe, umri unashuka kwa takriban asilimia 16. Kilimia kina vumbi la kiasi hicho.

Kuandaa grafu za mwangaza. Hali: limekamilika, kwa masharti

Madoa meusi kwenye uso wa nyota huja na kupotea kadiri nyota inavyojizungusha, na mwangaza hupanda na kushuka. Kwenye nyota changa badiliko hufika asilimia 1 au zaidi. Jua, hata likiwa na madoa mengi, hubadilika kwa sehemu moja hadi tatu kati ya elfu. Ndiyo maana McQuillan, Mazeh na Aigrain, walipopitia data za Kepler mwaka 2014, walipata vipindi vya nyota 34,030 kati ya 133,030. Zile zilizokosa kipindi si kwamba hazizunguki: nyingi zinazunguka polepole na zina madoa hafifu. Sampuli yoyote ya aina hii inaegemea nyota changa.

Utaratibu tulioufuata kwa TESS ni huu. Pakua faili yenye kipimo kimoja kila dakika 2. Ondoa vipimo vyenye alama ya ubora mbaya. Gawanya mwangaza kwa kati yake (median) ili kimo cha kawaida kiwe 1. Kata vilele vya juu vinavyozidi sigma 3 (mara tatu ya mtawanyiko wa kawaida wa vipimo), kwa sababu hiyo ni milipuko ya nyota, lakini upande wa chini ruhusu hadi sigma 6, usije ukafuta kupatwa kunakokuambia kwamba una nyota maradufu, yaani mbili zinazozungukana. Kusanya vipimo kwa vifungu vya dakika 30. Vipimo karibu 19,000 vinashuka hadi 1,300 hivi, na hesabu inakwenda haraka bila kupoteza kitu, maana hakuna doa linalobadilika kwa dakika.

Usitumie amri ya flatten iliyomo kwenye lightkurve. Wanaoanza huiweka kwa sababu imo kwenye mafunzo karibu yote ya kutafuta sayari. Kwa mpangilio wake wa awali inachukua dirisha la vipimo 101, yaani saa 3.4 kwa data za dakika 2, na kila kinachobadilika polepole kuliko hapo kinanyooshwa. Ishara ya madoa ndiyo ya kwanza kuondoka. Grafu inatoka safi, imenyooka, na haina kitu.

Shida kubwa zaidi iko ndani ya faili zenyewe. TESS hutoa safu mbili za mwangaza: SAP, ambayo ni ghafi, na PDCSAP, iliyosafishwa. Usafishaji ulilenga kutafuta sayari, na mara nyingi unafuta mawimbi ya siku kumi na zaidi. SAP inayaacha, lakini inaacha pia mwanga wa Dunia na Mwezi unaoingia kwenye kamera. Chombo kinaizunguka Dunia kwa siku 13.7, kwa hiyo mwanga huo unarudi kwa mpangilio huo huo na unaweza kuzaa kipindi cha uongo cha siku 13.7 au nusu yake. Dawa tunayoitumia: endesha hesabu ile ile kwenye safu ya mwanga wa nyuma iliyomo kwenye faili, na kwenye nyota tatu au nne za jirani. Kilele kikionekana kila mahali, ni cha chombo. Kwa data za K2 adui ni mwingine: chombo kilikuwa kinajirekebisha kwa roketi ndogo kila baada ya saa 6 hivi, na nyota ikahama juu ya pikseli. Huko tumia faili zilizosahihishwa na EVEREST au K2SFF, usianze na ghafi.

Pikseli moja ya TESS ni sekunde 21 za tao, wakati ya Kepler ni 4. Jirani aliye ndani ya pikseli hiyo anaweza kuwa ndiye mwenye madoa. Gaia inaonyesha majirani wote. Nyota yoyote iliyo karibu na isiyopungua sehemu moja ya kumi ya mwangaza wa nyota yetu inatutia shaka.

Kupata kipindi

Tunatumia Lomb-Scargle (hesabu inayotafuta wimbi linalojirudia kwenye vipimo) kwanza, kisha ulinganifu wa grafu na nakala yake iliyosogezwa nyuma. Kwa sekta moja ya TESS, ya siku 27.4, tunatafuta kuanzia siku 0.3 hadi 12. Juu ya hapo mizunguko inayopatikana ni karibu miwili tu, na katikati ya sekta kuna pengo la kuteremsha data.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni nusu ya kipindi. Nyota ikiwa na makundi mawili ya madoa, moja kila upande, mwangaza unashuka mara mbili kwa kila mzunguko na Lomb-Scargle inakupa nusu kwa uhakika wote. Umri unagawanywa kwa 3.8. Hapa ile njia ya nakala iliyosogezwa ndiyo inayookoa: kilele cha pili kikiwa kirefu kuliko cha kwanza, chukua cha pili. Kisha ikunje grafu kwa kipindi hicho uitazame kwa macho. Mabonde mawili yenye kina tofauti yanayojirudia kwa zamu ni ushahidi kwamba kipindi kirefu ndicho sahihi. Hatujaona programu inayofanya hatua hii vizuri kuliko jicho.

Epsilon Eridani. Hali: limekamilika

Nyota hii iko umbali wa miaka nuru 10.5 na inaonekana bila darubini, kwa hiyo imepimwa kwa miongo mingi. B−V ni 0.88. Kipindi kinachotumiwa sana ni siku 11.7, ingawa vipimo vinaanzia 11.2 hivi, kwa sababu nyota haizunguki kama kitu kigumu. Jua lenyewe lina siku 25 kwenye ikweta na zaidi ya 30 karibu na ncha, na kipindi unachopata kinategemea madoa yako latitudo gani msimu huo.

Matokeo: Barnes, miaka milioni 440. Mamajek na Hillenbrand, milioni 650. Ukishusha kipindi hadi 11.2, jibu la Barnes linakuwa milioni 405. Ukikosea ukachukua nusu, siku 5.85, linakuwa milioni 116, yaani umri wa Kilimia, na nyota yenye umri huo ingepaswa kuwa na tabia nyingine kabisa.

Tazama ukubwa wa tofauti hizi. Kutokuwa na hakika ya nusu siku kwenye kipindi kunasogeza umri kwa miaka milioni 35. Kuchagua fomula kunausogeza kwa milioni 210. Saa nyingi za kazi zinaishia kwenye kunoa kipindi, wakati kosa kubwa limo kwenye rula, yaani fomula yenyewe. Kuanzia hapa mradi umehamisha nguvu zake huko.

61 Cygni: nyota mbili, rula mbili

Hizi ni nyota mbili za kundinyota la Dajaja zinazozungukana kwa mbali sana, kiasi kwamba hazivutani kasi za kujizungusha. Zilizaliwa pamoja, kwa hiyo lazima ziwe na umri mmoja. A ina B−V 1.18 na kipindi cha siku 35.4, B ina 1.37 na siku 37.8.

Fomula ya Barnes inatoa bilioni 2.1 kwa A na 1.9 kwa B. Fomula ya pili inatoa 3.3 na 3.2. Kila fomula inakubaliana na nafsi yake vizuri sana. Lakini Kervella na wenzake, waliopima kipenyo cha nyota hizi kwa kuunganisha mwanga wa darubini kadhaa na kukilinganisha na mifano ya mageuko ya nyota mwaka 2008, walipata takriban bilioni 6.

Funzo la kiufundi ni hili: mapacha kukubaliana kunathibitisha sehemu ya rangi kwenye fomula, basi. Sehemu ya umri inaweza kuwa imekosea mara mbili au tatu na mapacha wakaendelea kukubaliana, kwa kuwa kosa linawapata wote sawasawa. Tumeacha kutumia nyota maradufu kama uthibitisho wa umri. Tunazitumia kukagua rangi.

Kuacha fomula, kuchukua mafungunyota

Sababu ya fomula kukosea nyota za rangi ya chungwa imejulikana. Fungunyota la Praesepe lina umri wa karibu miaka milioni 670, na NGC 6811 karibu bilioni 1. Kwa Skumanich, vipindi vya nyota za NGC 6811 vingepaswa kuwa virefu kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko vya Praesepe. Mwaka 2019 Curtis na wenzake walionyesha kwamba kwa nyota zenye masi chini ya 0.8 ya Jua, vipindi vya mafungunyota haya mawili vinalingana. Breki ilikuwa inafanya kazi wakati wote huo, lakini kasi ya uso haikushuka. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kiini cha nyota kilikuwa bado kinazunguka haraka, na momenta yake ilikuwa inapanda taratibu hadi tabaka la nje na kufidia inayoondoka na upepo. Akiba ya kiini ikipungua, uso unaanza tena kushuka kasi. Kwa nyota ndogo kusimama huku kwa kasi hudumu zaidi. Fungunyota la Ruprecht 147, la bilioni 2.7, linaonyesha kwamba baadaye kushuka kuliendelea.

Fomula yenye kipeo kimoja haiwezi kubeba mapumziko haya. Kwa hiyo tumehamia gyrointerp ya Bouma, Palumbo na Hillenbrand (2023), inayopitisha rula kwenye vipimo vya mafungunyota yenyewe, kuanzia miaka milioni 80 hadi bilioni 2.6. Unaipa kipindi, kosa la kipindi, halijoto na kosa la halijoto. Inarudisha mgawanyo mzima wa uwezekano wa umri. Tunatumia kosa la halijoto lisilopungua kelvini 50 hata kama katalogi inatangaza dogo zaidi, maana katalogi tofauti hazikubaliani kwa kiwango cha chini ya hapo.

Mgawanyo ukitoka mpana na bapa, hiyo si hitilafu ya programu. Kwa nyota ambayo kasi yake imesimama bila kushuka, kipindi kimoja cha kujizungusha kinalingana na umri mwingi, na jibu la haki ni pana. Tunaandika mipaka yote miwili kwenye jedwali. Namba ya katikati peke yake inapotosha.

Tumeujaribu mtiririko mzima kwa Kilimia, lile fungunyota ambalo wakulima wa pwani walilitazama kupanga majira, kwa data za K2 za mwaka 2015. Rebull na wenzake walichapisha vipindi vya wanachama 759, kwa hiyo kuna cha kujilinganisha nacho. Nyota za aina ya Jua zinakaa kwenye mstari mwembamba wa siku 4 hadi 5. Ukishuka kwenye nyota nyekundu mstari unasambaratika: nyingi zina kipindi chini ya siku 1, nyingine za rangi ile ile zina siku kadhaa. Hizo hazijafika kwenye mkutano wa kasi, na hatutoi umri wake kabisa.

Vichujio kabla ya hesabu

Nyota maradufu za karibu huvutana hadi kipindi cha kujizungusha kilingane na cha kuzungukana. Nyota ya miaka bilioni 8 inaweza kuonekana ya milioni 50. Kwa hiyo tunaondoa yenye RUWE ya Gaia (namba inayopanda nyota isipokwenda kama nyota moja) zaidi ya 1.4, yenye kasi ya kuelekea kwetu inayobadilika, na iliyo juu ya safu kuu. Maradufu ya nyota mbili sawa hupanda kwa magnitudo 0.75, yaani mwangaza mara mbili. Nyota zilizoanza kuvimba baada ya kumaliza hidrojeni ya kiini zinaondoka kwa kichujio hicho cha mwisho. Juu ya kelvini 6,250 hivi tabaka la nje linalochemka ni jembamba, uga sumaku ni dhaifu, na breki haipo.

Kwa upande wa wazee, 16 Cygni A, nyota inayofanana na Jua, imetuwekea mpaka. Mitetemo yake iliyopimwa na Kepler inatoa umri wa karibu bilioni 7 na kipindi cha siku 23.8. Ukiingiza kipindi hicho kwenye fomula ya Barnes unapata bilioni 3.8. Mwaka 2016 van Saders na wenzake walionyesha kwamba hii si nyota moja iliyopotoka: nyota zilizopita karibu nusu ya maisha yao kwenye safu kuu zinapoteza breki. Kwa nyota za aina ya Jua, jibu lolote linalozidi umri wa Jua tunaliandika kama kiwango cha chini.

Kinachoendelea

Vipindi kati ya siku 12 na 25 bado ni kazi ngumu kwa TESS. Kuunganisha sekta zinazofuatana kunasaidia, lakini kila sekta ikigawanywa kwa kati yake peke yake, wimbi refu kuliko nusu ya sekta linapoteza kimo chake kwenye maungio, na nyota inakuwa imehamia pikseli nyingine. Tunajaribu kuacha kimo cha kila sekta kuwa kigeu huru ndani ya hesabu ya Lomb-Scargle badala ya kukilazimisha kuwa 1. Majaribio yanafanyika kwa nyota za karibu na ncha za ekliptiki, ambako TESS hukaa karibu mwaka mzima, na ambako baadhi ya vipindi vinaweza kukaguliwa kwa darubini za ardhini. Matokeo yataingia kwenye jedwali pamoja na idadi ya sekta zilizotumika kwa kila nyota.